Upishi wa Pwani: Ujuzi Tunao, Cheti Hatuna

Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani, hana haja ya kuuliza kama watu wa mwambao wajua kupika. Meza zimepangwa mlango kwa mlango. Hapa sambusa na katlesi, pale kaimati zilizozama katika shira, mbele kidogo mkate wa sinia, vitumbua, bajia na viazi vya karai. Adhana ya Magharibi ikikaribia, meza hizo huwa tupu. Hakuna aliyetangaza biashara gazetini, wala hakuna aliyebandika cheti ukutani. Jina la mama mpishi latosha.

Sasa, ndugu msomaji, toka mjini uende kwenye mahoteli ya kitalii yaliyopangana ufukweni kutoka Diani mpaka Malindi. Ingia jikoni uulize mpishi mkuu ni nani, na mwokaji mikate ni nani. Ni malalamiko ya siku nyingi hapa Pwani kwamba majina utakayoyasikia si ya wenyeji, na kwamba mwenyeji ukimkuta utamkuta akiosha sufuria au akibeba mizigo. Wengi wetu tumezoea kusema kuwa huo ni upendeleo. Pengine upo. Lakini mwenye hoteli akiulizwa ana jibu jepesi: “Nilitaka mtu mwenye cheti.” Na hapo ndipo tunaponyamaza.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo bila kuficha. Je, yafaa mama ambaye amekuwa akipika tangu utotoni aende tena darasani kufunzwa upishi? Na akienda, atafunzwa nini asichokijua? Na je, atatoka na kitu cha kumfaa yeye na wanawe, au atatoka na karatasi tu?

MPISHI WA NYUMBANI NA MPISHI WA KAZI

Kwanza tukubaliane kwamba kujua kupika ni jambo moja, na kuishi kwa upishi ni jambo jingine. Muulize mpishi wa harusi ambaye amepika pilau za watu mia tano, chumvi hutia kiasi gani. Atakuonyesha kiganja chake. Kiganja hicho hakikosei, na hapana mizani ya dukani iwezayo kukishinda. Lakini kiganja hakirithiwi, wala hakiajiriki. Siku mwenyewe akiugua, hoteli haiwezi kumwita mwengine ikamwambia, “Tia viganja vya fulani.”

Darasani jambo la kwanza afunzwalo mwanafunzi wa uokaji ni mizani. Waokaji wa kazi huhesabu kila kitu kwa kuulinganisha na unga. Unga huwa ni mia, na vitu vingine vyote ni sehemu ya mia hiyo. Chukua mfano wa mahamri. Tuseme unga ni gramu 1,000, tui gramu 500, sukari gramu 200, na hamira kavu gramu 10. Basi hesabu ni 100, 50, 20 na 1. Kesho akija mtu na oda kubwa ya kutumia kilo sita na nusu za unga, hapana kubahatisha: tui litakuwa gramu 3,250, sukari gramu 1,300 na hamira gramu 65. Mahamri yatatoka yale yale, akiyapika mama, akiyapika binti, au akiyapika mtumishi aliyeanza kazi jana. Hiyo ndiyo siri ya mkate wa dukani kuwa na ladha moja mwaka mzima.

Jambo la pili ni hesabu ya pesa, na hapa ndipo wengi wetu huumia bila ya kujua. Tuseme mama apika mahamri 100 na kuyauza kwa shilingi 10 kila moja. Apata shilingi 1,000. Unga, sukari, nazi, hamira na iliki vimemgharimu shilingi 550. Moyoni mwake amepata faida ya shilingi 450. Lakini mafuta ya kukaangia ni shilingi 200, gesi shilingi 100, na mifuko pamoja na nauli ya kwenda sokoni shilingi 150. Jumlisha: shilingi 1,000 zimeingia, na shilingi 1,000 zimetoka. Mama huyo ameamka kabla ya alfajiri, amekanda, amesukuma, amekaanga, na kazi yake yote ameitoa sadaka bila ya kutia nia ya sadaka. Mwisho wa mwaka hushangaa kwa nini biashara yake yasifiwa na kila mtu lakini haisongi mbele.

Jambo la tatu ni usalama wa chakula. Wazee wetu walijua kwamba wali wa nazi hauchelewi kuchacha, na ndiyo sababu hawakupenda kuulaza. Darasani mwanafunzi huelezwa sababu yake. Chakula kilichopikwa kikikaa katika joto lililo kati ya digrii 5 na digrii 60, vijidudu huzaana kwa haraka. Katika wali mna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa chunguni saa nyingi katika joto letu hili la Pwani, mbegu hizo huota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Mtu apikaye watu mia tano akilikosa jambo hili, harusi hugeuka kuwa msiba.

VYUO VILIKUWA WAPI?

Yafaa tujikumbushe tulikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kilianzishwa hapa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, kilichojulikana kwa ufupi kama MIOME, kwa misaada ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa za Mabohora na serikali ya wakati huo. Vijana walifunzwa ufundi wa mitambo, umeme na mbao. Chuo hicho kiligeuka kuwa Polytechnic ya Mombasa katika miaka ya 1970, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waanzilishi wake waliona mbali. Lakini hesabu yao ilikuwa ni hesabu ya meli na karakana. Jiko halikuhesabiwa kuwa ni karakana. Lilikuwa ni mahali pa mama, na la mama halikuhitaji shahada.

Utalii ulipokuja kwa nguvu, hesabu ilibadilika. Mwaka 1975 kilifunguliwa Chuo cha Utalii cha Kenya, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Chuo hicho kimetoa wapishi wazuri ambao wanaheshimika ndani na nje ya nchi, na hatuna sababu ya kukionea kijicho. Lakini kilijengwa Nairobi. Fedha za kukiendesha zilitokana na tozo ya asilimia 2 ambayo mahoteli na mikahawa hutozwa, na mahoteli ya Pwani yamekuwa miongoni mwa walipaji wakubwa wa tozo hiyo. Basi kwa miaka mingi samaki alivuliwa hapa akaliwa kwengine. Mzazi wa Lamu au wa Vanga aliyekuwa na binti mwenye mkono mzuri ilimbidi achague kati ya kumpeleka mbali, asikokuwa na jamaa, na kumweka nyumbani. Wengi waliwaweka nyumbani. Baadaye ilianzishwa kazi ya kujenga chuo kingine cha utalii, kilichopewa jina la marehemu Ronald Ngala, huko Vipingo katika Kilifi, na watu walifurahi. Ujenzi wake nao ulichukua miaka mingi kuliko ilivyoahidiwa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Maradhi ya korona yalifunga mipaka, mahoteli yakafunga milango, na watumishi wengi wakarudi majumbani mikono mitupu. Ndipo tulipoona keki zikiokwa katika kila mtaa, kutoka Majengo mpaka Likoni, zikiuzwa kwa simu na kupelekwa kwa pikipiki. Wengine walifaulu na wakaendelea hata baada ya mahoteli kufunguliwa. Wengine walifunga kazi baada ya miezi michache, si kwa sababu keki zao zilikuwa mbaya, bali kwa sababu zile hesabu tulizozitaja hapo juu ziliwashinda. Mwaka ule ulitufunza kwamba uokaji waweza kumlisha mtu, na pia kwamba mapenzi ya kazi peke yake hayatoshi.

HALALI NA HARAMU JIKONI

Wako wazazi wasemao, na maneno yao si ya kupuuzwa, kwamba jiko la chuo si mahali pa Mwislamu. Mafunzo ya upishi wa mahotelini yametokana na jiko la Kifaransa, kama lilivyopangwa na mpishi Auguste Escoffier, ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1903. Katika jiko hilo mvinyo hutiwa ndani ya mchuzi, na nyama ya nguruwe ni nyama kama nyama nyingine. Mwanafunzi huagizwa aonje. Afanyeje?

Jibu ni kwamba kukimbia hakujatusaidia. Kama Waislamu hawaingii katika jiko hilo, basi halitakuwa na mtu wa kuuliza. Mwenye kusoma ndiye ajuaye kwamba jeletini iliyomo katika vitamutamu vingi yaweza kuwa imetokana na ngozi au mifupa ya nguruwe. Yeye ndiye ajuaye kwamba vanila ya maji aghalabu hutengenezwa kwa kileo, na kwamba kile kitu kiandikwacho E471 katika vifurushi vya mikate na keki chaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na pakiti haisemi ni mnyama gani. Mama anunuaye vitu hivyo dukani kwa nia njema awatengenezee wanawe keki ya Idi, hana habari. Basi ujuzi wa jikoni katika zama hizi ni sehemu ya kuilinda dini, si sehemu ya kuivunja.

Kuhusu kuonja, mwanafunzi ana haki ya kusema mapema kwamba vitu fulani hatavionja, na mwalimu mwema humpa kazi nyingine ya kupimwa. Na katika Ramadhani, maulamaa wametaja kwamba kuonja chakula kwa ncha ya ulimi kwa haja, kisha kutema bila kumeza chochote, hakubatilishi saumu. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Lakini asilifanye jambo lenye jawabu kuwa ni kisingizio cha kubaki nyuma.

Jambo la saa pia lina umuhimu wake. Madarasa mengi ya jioni huanza saa kumi na moja na kumalizika saa moja au mbili ya usiku. Saa hizo Magharibi imo ndani, futari imo ndani, na mama ana watoto wanaorudi chuoni kusoma Kurani. Si ajabu basi kwamba wanawake wa Kiislamu hujiandikisha wiki ya kwanza na kutoweka wiki ya tatu. Waendeshao madarasa wangeyaweka saa nane mpaka saa kumi za mchana, baina ya Adhuhuri na Alasiri, wangeona tofauti. Hili halihitaji fedha ya serikali. Lahitaji mtu wa kuuliza tu.

NANI AMFUNZE NANI?

Hapa tumefika kwenye kiini cha mambo. Mwenye kuandika makala haya haamini kwamba mwenyeji wa Pwani aende darasani kama chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Mtazame mama wa Kiswahili akipika mchuzi wa samaki. Nazi ameikuna kwa mbuzi, ameikamua mara mbili, tui jepesi ameliweka mbali na tui zito. Samaki hupikwa kwa lile jepesi, na tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo, akilikoroga kwa upande mmoja ili lisikatike. Hiyo ni sayansi ya mafuta na maji, sawa na ile ya michuzi mitano mikuu ya Kifaransa. Tofauti ni kwamba ya Kifaransa iliandikwa na yetu haikuandikwa. Ya Kifaransa ina mtihani, na yetu ina sifa tu.

Matokeo yake twayaona. Mgeni atokaye Ulaya hushuka Mombasa akapewa mchuzi wa Kifaransa uliopikwa na mtu asiyewahi kufika Ufaransa, ilhali samaki wa kupaka, mkate wa mofa na mbaazi za nazi ziko nyuma ya ukuta wa hoteli hiyo hiyo. Na siku hoteli ikiamua kufanya “usiku wa Waswahili”, hupika pilau mtu aliyeisoma kitabuni. Chakula chetu hutumiwa kuwa pambo, na wenye chakula hubaki nje.

Basi madarasa haya ya kuendeleza elimu yana faida ya namna mbili, na tukiikosa moja tumekosa nusu ya mali. Mama apate mizani, hesabu na usafi wa kitaalamu. Na chuo nacho kipate kutoka kwa mama yale ambayo hayamo katika vitabu vyake. Kwa nini fundi wa halwa asialikwe kufunza wiki mbili kwa mwaka, akalipwa kama mwalimu? Kwa nini vipimo vya mkate wa sinia visiandikwe, vikawekwa katika mtihani pamoja na vile vya keki ya sponji? Wazee wenye ujuzi huu wanapungua. Kila anayezikwa huondoka na kitabu kizima ambacho hakikupata mwandishi.

NJIA ZILIZO WAZI

Katiba ya 2010, katika orodha yake ya nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Yaani madai haya hayapelekwi tena Nairobi. Yanapelekwa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River, kwa watu tunaowapigia kura na tunaokutana nao msikitini siku ya Ijumaa. Akija mjumbe wa bunge la kaunti kuomba kura, badala ya kumwomba fulana na unga wa siku moja, aulizwe kama chuo cha wadi yake kina oveni, na kama oveni hiyo ina umeme.

Aidha, iko mitihani ya serikali ya ufundi chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwanda, yenye madaraja matatu, la tatu likiwa la kuanzia na la kwanza likiwa la juu. Mitihani hiyo haikuwekewa wenye shule ndefu peke yao. Fundi aliyejifunza kazi kwa mikono naye hupimwa. Tena katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikiujenga mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya shule. Kwa mpango huo, aliyepika miaka ishirini hupimwa kwa alijualo na kupewa cheti cha daraja lake, bila kuambiwa aanze upya kujifunza kukata kitunguu. Huu ni mlango ambao watu wa Pwani walifaa kuwa wa kwanza kuupiga hodi.

Lakini tahadhari kabla ya kutoa ada. Palipo na asali, nyuki na nzi wote huja. Zimechipuka ofisi za chumba kimoja zinazotoa “diploma” ya uokaji kwa mwezi mmoja. Ajiandikishaye na aulize mambo manne. Je, chuo kimesajiliwa na mamlaka ya serikali ya vyuo vya ufundi? Mtihani ni wa chuo chenyewe au wa baraza linalotambuliwa? Wanafunzi wangapi hutumia oveni moja? Na je, hesabu za gharama zimo katika mafunzo, au ni mapambo ya keki tu? Asiyejibiwa manne hayo na abaki na pesa zake. Na asisahau cheti cha afya cha mshika chakula, ambacho hupatikana kwa kupimwa na hurudiwa kila baada ya miezi sita. Sheria yakitaka hata kwa auzaye nyumbani kwake, si kwa hoteli peke yake.

Kwa wale wanaofikiria kwenda Ghuba, jambo hili lina uzito zaidi. Binti aendaye bila ya cheti chochote huandikwa mtumishi wa nyumba. Hupika, hufua, hulea na hufagia, na upishi wake haumwongezei mshahara. Mwenye cheti cha upishi ana la kusema wakati mkataba unapoandikwa: yeye ni mpishi, na kazi ya mpishi inajulikana mwanzo wake na mwisho wake. Karatasi hiyo si ngao ya kila baya, lakini ni afadhali kusafiri nayo kuliko kusafiri bila nayo.

Wazee walisema elimu haina mwisho, na mtu mzima kukaa dawatini si aibu. Aibu ni mama aliyelisha mji mzima Ramadhani thelathini kuishia kuosha vyombo katika jiko ambalo yeye ndiye angestahili kuliongoza. Ramadhani nyingine itakuja, na meza zitapangwa tena Mji wa Kale. Tunaponunua kaimati zetu, tumuulize na mwenye meza: Bi. Mkubwa, cheti utakichukua lini? Na binti yake aliyesimama pembeni akipokea pesa, naye alisikie swali hilo.